Malimba kwanza, radi baadaye: nilivyoizoea albamu ya King Crimson

Larks' Tongues in Aspic, albamu ya King Crimson, bendi ya roki ya Uingereza, ilitoka Machi 1973. Ina vipande sita: vitatu vina maneno, vitatu ni ala tupu. Lakini ukipima kwa saa, vya ala vinakula dakika 28 hivi kati ya 46.

Wengi ninaowapa huishia dakika ya nne, na kosa huwa kwenye kitufe cha sauti. Kipande cha kwanza kinaanza na malimba ya Jamie Muir (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), kwa sauti ya chini kabisa, karibu dakika tatu. Hapa Iringa malimba si kitu kigeni, Wagogo wako hapo tu ng'ambo ya bwawa la Mtera, kwa hiyo mtu huongeza sauti ayafaidi. Kisha fidla ya David Cross inaanza kukwaruza, na gita la Robert Fripp linaanguka juu yake kama gunia la mahindi juu ya bati. Hapo anazima.

Mimi naanza kinyume. Nafungua kwanza kipande cha mwisho, ambacho hakina upole, napandisha sauti mpaka pale masikio yanaposema basi. Narudi mwanzo, na kitufe sikigusi tena. Malimba yatasikika kwa mbali. Yaache huko huko. Kama simu ina kile kipengele cha kusawazisha ukubwa wa sauti, kizime, maana mara nyingi hukuza penye unyamavu na kubana penye kishindo, na albamu hii imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Sabufa? Punguza besi hadi katikati au chini zaidi. Gita la besi la John Wetton tayari lina mkwaruzo mzito. Ukiliongezea, fidla inamezwa. Eafoni za waya zinanitosha. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikigonga bati, dakika zile za mwanzo hazisikiki hata ufanyeje, hivyo mimi husubiri usiku wa Juni au Julai, blanketi mabegani.

Pakua albamu nzima kabla: kwa ubora wa kilobiti 320 ni MB 110 hivi. Bando likikata katikati ya The Talking Drum, kipande cha tano, umepoteza kila kitu, kwa sababu kipande hicho hupanda polepole kwa dakika saba, kutoka upepo mtupu hadi mayowe, na kinamwagikia moja kwa moja kwenye cha mwisho. Zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, na washa uchezaji usio na mwanya. Faili za MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila wimbo. Programu isiyoukata itakupa pengo mahali ambapo mlango unapaswa kupigwa teke.

Mguu nao utapotea hapo hapo. The Talking Drum inahesabika nne nne, ngoma ya kawaida tu. Kinachofuata kinahesabika tano tano. Nilikishika kwa kugonga meza haraka, moja mpaka kumi, bila kukazia popote, hadi gita lenyewe likanionyesha pa kukazia. Baadaye hesabu inabadilika. Acha kugonga, msikilize Bill Bruford, mpiga ngoma.

Nyimbo za maneno nilizipita juu juu mwanzoni. Exiles tu ndiyo niliyoirudia mapema, kwa ajili ya fidla.