Dau Ni Bei: Ninavyopanga Saizi Mbele ya Wapinzani Dhaifu

Mdogo wangu ameanza kucheza poka ya mtandaoni, kwenye meza za dau la chini kabisa, na hunitumia picha za mikono, yaani raundi za mchezo, iliyomtatiza. Karibu zote zina swali moja: "Dada, hapa niweke ngapi?" Anataka nambari. Nambari nitampa, ila kwanza namuuliza uliyebaki naye ni nani na amekuwa akichezaje tangu mkae meza moja. Asipokuwa na jibu, hatuendelei.

Wengi hupima dau kwa karata zao wenyewe: karata nzuri, dau kubwa, karata za wasiwasi, dau dogo. Mimi nalitazama dau kama bei. Ukiweka nusu ya poti, yaani ya pesa zilizokwisha kuwekwa katikati, anayetaka kukufuata kwa kulipa kiasi hicho hicho anahitaji kushinda walau mara 1 kati ya 4 ili asipate hasara. Ukiweka poti nzima, mara 1 kati ya 3. Ukiweka theluthi, mara 1 kati ya 5. Mchezaji mzuri ana hesabu hizi kichwani, na bei ikiwa mbaya anaikataa. Mchezaji dhaifu haitazami bei kabisa. Ana jozi, anafuata. Hana kitu, anatupa. Kwake dau la 10 na dau la 25 halina tofauti, na faida yangu karibu yote kwenye meza za chini inatoka kwenye upofu huo.

Ninayemtafuta kwanza ni yule ninayemwita mfuataji. Kumtambua hakuhitaji utaalamu. Kabla ya flopu, zile karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani, anaingia kwa kulipa blaindi kubwa tu, dau la lazima la mwanzo wa mkono, bila kupandisha, na anaingia na karata za kila namna. Mikono ikionyeshwa mwishoni utamkuta ameshikilia jozi ya nne hadi karata ya tano. Ukiwa na programu ya kuhesabu takwimu, utaona anaingia kwenye zaidi ya asilimia 40 ya mikono huku anapandisha kwa asilimia 5 au 6 tu. Baadhi ya tovuti zimepiga marufuku programu hizo, kwa hiyo soma kanuni kabla hujaiweka programu. Mimi hata pasipo programu namwekea alama ya rangi yake na maneno mawili matatu ya kunikumbusha. Tabia hii hujitokeza mapema kuliko nyingine zote, kwa sababu kuingia au kutoingia ni uamuzi unaofanywa kila mkono.

Huu hapa mkono mmoja, kila mmoja wetu akiwa na blaindi kubwa 100, na nambari zote ni za blaindi kubwa. Mfuataji analipa blaindi. Mimi nina ree ya shupaza na kingi ya uru, napandisha hadi 5. Wengine wanatupa, yeye anafuata. Poti, pamoja na blaindi za waliotupa, ni 11.5. Flopu inaleta kingi ya kopa, tisa ya kopa na nne ya maua. Anapita, yaani haweki kitu, naweka 10, anafuata. Poti 31.5. Karata ya nne ni mbili ya uru. Anapita tena, naweka 27, anafuata. Poti 85.5, na mimi nimebakiwa na 58. Karata ya mwisho ni sita ya shupaza. Anapita, naweka zote. Anafikiri kidogo, anafuata, anafunua kingi na saba: jozi ya kingi kama yangu, ila ree yangu inamshinda.

Tazama lile dau la 27. Huenda wakati ule alikuwa na kopa mbili, anasubiri kopa ya tano ambayo ingeshinda jozi yangu. Kopa zilizobaki ni 9 katika karata 46 asizoziona, yaani karibu asilimia 20. Dau la 27 linamtaka ashinde takriban asilimia 32. Kila anapofuata kwa bei hiyo ananiachia pesa, hata siku ambazo kopa inashuka. Ningeweka 8, angehitaji asilimia 17 tu, na hapo kungoja kopa yake kungekuwa biashara halali. Nisingekuwa na haki ya kulalamika ikishuka.

Sasa piga hesabu ya njia ya woga, nusu ya poti kila hatua: 5.75, kisha 11.5, kisha 23. Jumla 40.25. Mimi nimechukua 95 kutoka kwa mtu yule yule, kwa karata zile zile. Tofauti ni zaidi ya mara mbili kwa sababu kila dau linavimbisha poti ambayo dau linalofuata litapimwa nayo. Ndiyo maana namsisitizia mdogo wangu kwamba saizi ya flopu ni muhimu kuliko anavyodhani: ukianza na kidogo, hufiki mwisho ukiwa na poti inayoruhusu kuweka zote.

Na kwa mfuataji usiweke dau la uongo, lile la kumtishia atupe huku huna karata. Dau la uongo la poti nzima linahitaji mpinzani atupe nusu ya mara zote ndipo lisikutie hasara. La nusu ya poti, theluthi ya mara. Mtu asiyetupa hakupi hata robo. Inaniuma nikiona mchezaji mwenye akili anamtishia mtu asiyejua hata anatishwa. Vitisho vinamfaa anayefikiri.

Mwoga ni kinyume chake. Karata mbili zisizo jozi hukosa jozi kwenye flopu takriban mara 2 kati ya 3, naye akikosa anatupa bila mjadala. Kwa hiyo namwekea theluthi ya poti, dau linalohitaji kufaulu mara 1 tu kati ya 4. Kuweka zaidi ni kupoteza bure, kwani anayetaka kukimbia anakimbia kwa dogo kama kwa kubwa. Akifuata, nasimama. Mwendawazimu anayepandisha kila kitu simsemi sana: nangoja jozi nzuri, napita, namwacha aweke yeye.

Kuna wanaopinga njia hii. Wanasema ukibadilisha saizi kwa nguvu ya karata utasomwa, na kwamba mchezo sahihi ni ule wa uwiano usioweza kutobolewa, yaani usiompa mpinzani udhaifu wa kuutumia. Naiheshimu hoja hiyo, maana ina ushahidi mzito. Januari 2017, huko Pittsburgh, programu ya Libratus iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika mikono 120,000. Haikuwinda udhaifu wao. Usiku ilichukua saizi za dau walizozitumia sana mchana na kujikokotolea majibu bora, ikiziba matundu yake yenyewe. Lakini ile ilikuwa inakabili mabingwa. Mezani kwetu, tovuti inakata sehemu ya kila poti, mara nyingi karibu asilimia 5 hadi kikomo fulani, na kutotobolewa peke yake hakulipi makato hayo. Kinacholipa ni makosa ya wengine, na makosa hayajileti mfukoni usipoyapangia bei. Nikigundua kuna mmoja anayenifuatilia kwa makini, kwake narudi kwenye saizi moja kwa karata zote, nzuri na mbovu. Kwa wengine naendelea.

Jambo la mwisho ambalo mdogo wangu bado linamshinda ni kusoma dau la upande wa pili. Wapinzani dhaifu husema ukweli kwa saizi zao. Dau dogo kabisa linaloibuka ghafla, 2 ndani ya poti ya 20, mara nyingi ni jozi hafifu au mtu anayesubiri karata na anataka kuiona kwa bei nafuu. Mpandishie hadi 12 uone. Lakini mfuataji aliyekuwa akipita na kufuata mkono mzima, kisha kwenye karata ya tano akapandisha, huyo ana karata. Hafanyi maigizo. Juzi kanitumia picha ya hali hiyo hiyo: ana ree mbili mkononi, poti 60, kaweka 40, mtu wa aina ile kapandisha hadi 110, zote alizobakiwa nazo. Akaniuliza atawezaje kutupa ree mbili. Nikamwambia hesabu inataka ashinde mara 1 kati ya 4, akumbuke ni lini amewahi kumwona mtu huyo akipandisha mwishoni na jozi moja. Akapekua rekodi ya mikono yao yote. Hakuupata hata mmoja.