Mto wa kulalia na maski ya CPAP, nimehangaika mpaka nikaelewa shida ni unene

Natumia CPAP, ile mashine ya kupuliza hewa usiku kupitia maski ili pumzi isikatike usingizini, na miezi mitano ya mwanzo mi nilikuwa nailaumu maski tu. Nilibadilisha saizi, nikabadilisha aina, nikakaza mikanda mpaka nikatoka kidonda juu ya pua, kumbe muda wote huo kilichokuwa kinaniharibia usingizi ni mto niliokuwa nimelalia na wala sikuwa na habari nao. Naandika haya kwa sababu najua kuna mtu saa hizi amekaa kitandani usiku ameshika maski mkononi anajiuliza kama arudi tu kulala bila mashine, na mi nilishafika hapo, tena zaidi ya mara moja.

Nilipopimwa usingizi nilikutwa pumzi inakatika au inapungua sana mara 34 kwa saa, na ikizidi 30 wanahesabu ni kali, na kila mara inayohesabiwa lazima ifike angalau sekunde 10. Yaani hebu fikiria mtu anakabwa kila baada ya dakika mbili usiku kucha. Nikapewa mashine, presha ikawekwa 9, na maski ile ya kufunika pua na mdomo kwa sababu nalala mdomo wazi. Daktari akaniambia jitahidi kulala ubavu, ukilala chali ulimi na nyama za koo zinarudi nyuma zinaziba njia, nikafurahi manake mi ni mtu wa ubavu tangu mtoto. Sasa hapo kwenye ubavu ndo shida zangu zote zilipoanzia.

Nilikuwa nalalia mito miwili laini, ile ya kubonyea ukiweka kichwa. Bila maski ni mizuri sana. Ila ukivaa maski alafu ukageuka ubavu, kichwa kinazama, mto unapanda pembeni ya uso, unaisukuma maski kutoka shavuni, inahama kidogo tu lakini hako kauwazi kanatosha, hewa inaanza kutoka inapiga moja kwa moja kwenye jicho. Nilikuwa naamka jicho moja limekauka jekundu kama nimeingiwa na mchanga. Mke wangu naye analala nyuma yangu, nimempa mgongo, na bado anasikia ule mlio wa hewa ikichuruzika, akawa ananigusa bega, "maski yako imehama", mara nne mara tano kwa usiku. Mi nikawa najibu kwa kukaza mikanda.

Kukaza mikanda ni kosa, na ningependa mtu angenieleza siku ya kwanza. Ile silikoni laini inayogusa uso inafanya kazi kwa kujaa hewa kidogo, inakuwa kama imeelea juu ya ngozi, ukiikaza sana inakunjamana na inavujisha zaidi. Kwahiyo mikanda unaivaa ukiwa umelala, mashine inapuliza, kwa ubavu unaolalia, sio umekaa wima mbele ya kioo. Uso ukilala nyama zinahama, umbo linabadilika. Ukiona kwamba lazima ukaze ndo isivuje, basi kuna kitu kingine kinaisukuma, na kwangu kitu hicho kilikuwa mto.

Nilikuja kushtuka kwa sababu ya namba. Mashine yangu inaonesha kila asubuhi hewa iliyovuja, lita kwa dakika, na ikipita 24 inaniwekea alama kwamba imevuja mno. Siku nyingi ilikuwa inacheza 30 na kitu. Siku moja mgongo ulikuwa unaniuma nikalala kwenye kochi, nimeegemeza kichwa kwenye taulo lililokunjwa, maski ikawa inaning'inia nje ya taulo haigusi kitu. Asubuhi naangalia, 9. Maski ni ileile, mikanda ileile, presha ileile. Nikakaa naiangalia ile namba muda mrefu kwa kweli.

Hapo ndo nikaanza kutafuta mto kwa makini, na hapa nilipoteza tena wiki kadhaa kwa sababu nilikimbilia ule mto ambao kila mtu anaushauri, wa sponji nzito, umekatwa mabonde pembeni ili maski ipate pa kuingia. Na kweli kuvuja kulishuka, usiku wa kwanza tu nikapata 12. Nikasema nimemaliza. Lakini baada ya siku chache nikaona nachoka tena mchana, kichwa kizito asubuhi, naangalia ile namba ya pumzi kukatika, ambayo ilikuwa imeshatulia kwenye 3, imepanda mpaka 11. Hewa haivuji lakini pumzi inakatika, nikachanganyikiwa kabisa.

Mtaalamu wa usingizi aliponifungulia grafu akanionesha kwamba kukatika kwenyewe hakukutawanyika usiku mzima, kumejikusanya mafungu mafungu, dakika ishirini zimejaa alafu saa nzima safi, alafu tena fungu jingine. Akaniuliza mto wako una unene gani. Nikamwambia ni mrefu, kama sentimita 14. Akaniambia inamisha kidevu mpaka kiguse kifua alafu vuta pumzi. Jaribu na wewe hapo ulipo. Unasikia hewa inapita kwa shida? Ukilalia mto mnene alafu ukateleza ukajikuta chali, unakufanya hivyohivyo usingizini, shingo inajikunja kama mpira wa maji uliokunjwa, na mashine hata ipulize vipi inapambana na kitu ambacho wewe mwenyewe umekikunja.

Kwahiyo mi naona watu wanaanzia pasipotakiwa. Wanaanza na mabonde ya maski, wakati cha kwanza ni unene, mabonde baadaye. Mto wa mabonde ambao unene wake sio wako utakutibu kuvuja na kukuletea kukabwa.

Kupima unene wako ni rahisi. Simama ubavu ukutani, bega limegusa ukuta, tazama mbele kichwa kimenyooka, mtu akupimie kutoka sikioni mpaka ukutani. Mimi nilipata 13. Alafu unapunguza kile ambacho bega linazama kwenye godoro, godoro langu ni laini nikakadiria 3, nikabaki na 10. Mwenye godoro gumu atapunguza kidogo sana, mwenye mabega mapana atapata zaidi, ndo maana mto wa mwenzako hauwezi kuwa jibu lako hata kama mnatumia maski ya aina moja. Na hiyo 10 ni unene wa mto ukiwa na kichwa juu yake, sio ukiwa umekaa dukani umevimba.

Mto niliokuja kutulia nao hauna jina la CPAP hata kidogo, ni mto wa vipande vya sponji vilivyokatwakatwa, una zipu pembeni. Uzuri wake ni huo tu, zipu. Jioni moja nikavaa maski, nikawasha mashine, nikalala ubavu, mke wangu amekaa pembeni anaangalia kama pua yangu na katikati ya kifua viko kwenye mstari mmoja. Kichwa kikiwa juu sana natoa konzi moja ya sponji, nalala tena, anaangalia, natoa nyingine. Tulitoa konzi sita au saba. Zile zilizotoka nikaziweka kwenye mfuko, usizitupe. Alafu tukaangalia na chali pia, kidevu kisishuke, manake usiku utageuka tu upende usipende.

Ukishapata unene ndo sasa unaitengenezea maski nafasi, na kwa mto wa vipande hiyo ni kazi ndogo, unasukuma sponji kwa mkono kutoka kwenye kona unayoelekezea uso, zinakimbilia katikati, kona inabaki nyembamba. Mi baada ya wiki niliona zinarudi taratibu usiku, nikachukua sindano na uzi mnene nikapiga mshono mmoja kuzuia, kama urefu wa kiganja kutoka pembeni, kila upande. Shavu langu linakaa kwenye sehemu iliyojaa, maski inaanguka kwenye ile kona tupu na haiguswi na kitu. Kama hutaki kushona, vuta kichwa mpaka pembeni kabisa mwa mto maski ining'inie nje, inafanya kazi vilevile, tatizo ukishalala fofofo unajisogeza katikati.

Nilijaribu na mto wa mpira, ule mzito wa kudunda, haunifai, unarudisha nguvu unasukuma maski. Wa maganda ya nafaka unashika umbo vizuri kuliko yote ila una kelele kila ukigeuka. Basi.

Kitu cha kuangalia sana ni vile vitobo vidogo mbele ya maski. Hewa unayotoa, yenye kaboni dayoksaidi, inatokea pale, kwahiyo visizibwe na mto wala shuka. Mi nina tabia ya kukumbatia mto mwingine kifuani, na ulikuwa unapanda mpaka unakaa juu ya vitobo, nikauhamishia magotini. Hapo hata mgongo ukapona, ila hiyo ni habari nyingine.

Na mpira wa hewa, ule mrija unaotoka kwenye mashine kuja kwenye maski, usiusahau, nusu ya kuvuja ambako nilidhani ni mto kumbe ni mpira unalaliwa unaivuta maski upande mmoja. Nikapigilia ndoano ukutani juu ya kitanda, mpira unapita juu ya kichwa unashuka usoni, nimeuachia nafasi ya kugeuka pande zote mbili. Foronya nikachagua ya kitambaa cha kuteleza, maski ikigusa mto kwa bahati mbaya inateleza badala ya kung'ang'ania. Alafu naosha uso kabla ya kulala na naosha silikoni kila asubuhi kwa sabuni na maji ya vuguvugu, manake mafuta ya ngozi yanaifanya ihamehame na wewe unakuja kumlaumu mto.

Nilisoma mahali kwamba Dokta Colin Sullivan alipoanza na mashine hizi kule Australia, akatangaza mwaka 1981, wagonjwa wa kwanza maski zao zilikuwa zinabandikwa usoni kwa gundi ya silikoni kila usiku. Kila usiku! Nikawaza watu wale walivyovumilia, na mi nilitaka kukata tamaa kwa sababu ya mto.

Jambo moja ambalo lilinisaidia kuliko hata mto wenyewe ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati, alafu kukaa nacho siku tatu nne naandika namba mbili kwenye daftari, kuvuja na kukatika. Mwanzo nilikuwa nabadilisha mto na mikanda na foronya usiku mmoja, kikiharibika sijui ni kipi kimeharibu. Na namba mbili, sio moja. Ningeangalia kuvuja peke yake bado ningekuwa nalalia ule mto mnene nikiamini nimepona.

Sasa hivi nalala masaa sita na nusu mpaka saba na maski usoni, kidonda cha pua kimebaki alama tu, na mke wangu haniamshi tena. Wiki mbili zilizopita nikaona kukatika kumetulia lakini kuvuja kumeanza kupanda, 11, 14, 15, na shingo inaniuma upande wa chini. Sponji zilikuwa zimechoka zimeshikana. Nikafungua zipu, nikazipukusa kwa vidole, nikatoa ule mfuko chini ya kitanda nikaongeza konzi moja. Asubuhi yake ilikuwa 7.