Soseji hukatwa kwa urefu: namna tunavyowalisha watoto wadogo kituoni kwangu

Mzazi mpya akiniletea mtoto, kabla hatujazungumzia ada wala saa ya kuja kumchukua, namwonyesha namna ya kukata soseji. Wengi hushangaa. Soseji ikikatwa vipande vya duara, kila kipande kinatoka na upana wa kuziba koo la mtoto mdogo, na kwa kuwa ni laini, kikishaingia kinabana na hakitoki. Ichane kwanza kwa urefu, mara mbili, iwe vijiti vinne vyembamba, ndipo uvikatekate vidogo. Soseji ni ileile, mtoto anakula ileile, ila umbo la kumdhuru limeondoka.

Nalea watoto mchana hapa Nyakato, Mwanza. Wengi wana kati ya miaka miwili na minne, na kila mmoja anakuja na kontena lake la chakula, kwa hiyo mezani kwangu kuna mapishi ya nyumba nyingi kwa wakati mmoja. Katika kazi hii chakula ndicho kilichokuwa kikininyima usingizi kuliko homa. Mtoto mwenye homa anakupa muda wa kumtafutia daktari. Aliyepaliwa hakupi. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika chache tu unaanza kuharibika, na kutoka hapa hadi hospitali, hata bodaboda akimbie vipi, dakika hizo zimekwisha. Kinga inapaswa kuwa jikoni na mezani, na huko ndiko nilikoweka nguvu zangu.

Kilichonisaidia kwanza ni kuelewa meno. Mtoto wa mwaka mmoja ana meno ya mbele ya kung'atia, lakini magego ya kusagia bado. Ya kwanza hutoka baada ya kutimiza mwaka, na yale ya nyuma zaidi hufuata kati ya miaka miwili na mitatu hivi. Hata yakishatoka, inachukua muda mtoto kujua kutafuna hadi mwisho na kumeza kwa mpangilio. Kwa hiyo anaweza kukata kipande cha karoti mbichi vizuri kabisa mbele ya macho yako, ukafurahi kwamba amekua, kumbe hana cha kukisagia. Wazazi huniambia, "Mwalimu, huyu ana meno, anakula kila kitu." Namwomba mzazi tumfungue mtoto mdomo pamoja, tuangalie nyuma.

Halafu nachukua mrija wa soda. Njia ya hewa ya mtoto mdogo ni nyembamba, haipishani sana na mrija ule. Nachukua punje ya karanga naiweka kwenye tundu lake, mzazi anaona mwenyewe. Sihitaji maneno mengi baada ya hapo.

Karanga ndiyo vita yangu kubwa, kwa sababu kanda hii karanga ni chakula cha kila nyumba. Zinachemshwa na maganda yake, zinakaangwa kwa chumvi, zinauzwa kwenye vikaratasi kila kona. Bibi anayempenda mjukuu humtilia konzi ya karanga mkononi, na mimi siwezi kumwambia bibi kwamba karanga ni mbaya, maana si mbaya. Zina mafuta na zinajenga mwili, na nyumba nyingi hazina nyama ya kila siku. Kwa hiyo sikuwaambia waache. Niliwaambia tutwange. Mchicha wa karanga, uji wenye karanga zilizosagwa laini, kisamvu cha karanga, vyote mtoto anakula bila hofu. Ile ya kupaka inapakwa nyembamba juu ya mkate au inakorogwa ndani ya uji. Kumpa kijiko kizima alambe ni hatari nyingine, kwa kuwa inanata kooni. Karanga nzima, korosho na bisi haviingii kituoni kwangu hadi mtoto afike miaka mitano.

Shikamoo za asubuhi ndizo zilizonifungulia njia kwa mabibi. Bibi mmoja aliniambia, kwa haki kabisa, kwamba amelea watoto wake wote kwa karanga na wako hai. Nikamjibu, "Ni kweli bibi, na mimi nataka huyu naye ale karanga zako. Nisaidie tu kuzitwanga." Akawa ndiye anayeleta karanga za kutwanga kwa ajili ya meza nzima. Nimeona mara nyingi kwamba ukimnyima mtu mzima chakula chake cha asili anakukimbia, lakini ukimbadilishia namna ya kukiandaa, anakuwa mwalimu mwenzako.

Samaki nao wana mambo yao. Sato ni mtamu, ila ana miiba midogo inayojificha. Hatutegemei macho: tunamchambua kwa vidole, tukiuminya kila mnofu kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kabla haujaingia kwenye sahani. Sangara ni rahisi zaidi, mnofu wake ni mnene na mifupa yake mikubwa inaonekana. Dagaa wakavu tunawakata vichwa, tunawakaanga kidogo bila mafuta na kuwasaga wawe unga, kisha tunautia kwenye mboga. Nyama tunaichambua nyuzinyuzi au tunaisaga. Makande yanapondwa na maharage yanabonyezwa kwa uma. Kiini cha yai lililochemshwa kinakauka mdomoni, kwa hiyo tunakilainisha kwa maziwa au mchuzi. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambayo wazazi wa kutoka vijijini hupenda kuniletea, inapikwa hadi ipondeke, kwa sababu ikiwa kavu ni ngumu hata kwangu mimi. Ugali unakatwa matonge madogo yenye mchuzi. Ule wa muhogo unanata, kwa hiyo matonge yake tunayafanya madogo zaidi.

Matunda yananifurahisha kwa sababu hapa mabadiliko ni madogo sana. Zabibu, zile za Dodoma zinapofika mjini, zinapasuliwa vipande vinne kwa urefu. Chungwa linatolewa mbegu na ngozi ngumu. Embe linakatwa vipande vyembamba, na kokwa mtoto hapewi anyonye peke yake. Tende inatolewa kokwa na kuchanwa. Tufaa na karoti vinachemshwa kidogo au kukwaruzwa. Muwa hapana. Pipi ngumu na bigijii pia hapana, na vile vijeli vya vikopo vidogo vinavyofyonzwa kwa mkupuo sivipokei kabisa. Vya aina hiyo vilivyotengenezwa kwa konjaki, unga wa kugandisha unaotokana na mmea wa Asia, vilipigwa marufuku na Umoja wa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu ya watoto kufa navyo kooni.

Lakini nilichokuja kukiamini zaidi ya ukataji ni mkao. Chakula kilichokatwa vizuri bado kinaweza kumpalia mtoto anayekimbia nacho, anayecheka nacho mdomoni au aliyelazwa. Kwetu mtoto anakula amekaa wima, miguu imegusa chini, na mtu mzima amekaa naye mezani akimtazama usoni. Asiwe amesimama mlangoni na simu. Akitaka kucheza, anameza kwanza, anafungua mdomo tunaona, ndipo anaondoka. Kabla ya usingizi wa mchana tunakagua mashavu, kwa kuwa wapo wanaohifadhi tonge shavuni na kulala nalo. Hakuna kumlisha mtoto kwa nguvu, kumlaza mapajani na kumimina uji wakati analia. Mtoto anayelia anavuta pumzi kwa nguvu, na uji huenda pamoja na pumzi.

Lingine ambalo huwa nawaambia akina mama kwa msisitizo ni la mgongoni. Tunambeba mtoto mgongoni kwa kitenge, tunampa andazi au kipande cha muhogo atulie, tunaendelea na safari ya sokoni. Mama hamwoni. Mtoto aliyepaliwa kabisa hapigi kelele, hakohoi, hivyo mama hana namna ya kujua. Kama ana njaa, simama kwanza, mshushe, ale, kisha umbebe.

Ukimya huo niliushuhudia kwa macho yangu. Asubuhi moja mtoto wa miaka mitatu aliletwa na dada yake, na shavuni alikuwa na mbegu ya ubuyu ambayo hakuna aliyejua. Alikaa na wenzake kuchora. Binti anayenisaidia akasema, "Mama, huyu mbona yuko hivi?" Nilimwona mdomo wazi, macho yametoka, mabega yanapanda, na hakuna sauti. Nilikaa, nikamlaza kifudifudi juu ya mapaja yangu, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, nikampiga katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kwa nguvu, si kwa kumbembeleza. Kabla sijamaliza yale mapigo matano mbegu iliruka sakafuni ikiwa bado na rangi yake nyekundu, naye akalia kwa sauti kubwa. Tulimpeleka zahanati siku ileile asikilizwe kifua.

Mikono yangu ilijua la kufanya kwa sababu nilikuwa nimefundishwa na nilikuwa nikirudia mazoezi. Nayaandika hapa kwa wanaolea, ingawa kusoma peke yake hakutoshi. Tafuta mtu wa huduma ya kwanza akuongoze kwa vitendo. Mtoto anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe, kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Kaa naye tu. Mara nyingi mtoto anayejifunza kula hufanya kama anataka kutapika, anakuwa mwekundu, anatoa ulimi na kurudisha chakula mbele kwa kelele. Huko ni kujilinda kwa mwili. Hatari ni pale asipoweza kulia, kukohoa wala kupumua, na midomo kuanza kuwa ya bluu. Hapo mpige mgongoni mara tano. Kama hakijatoka na mtoto ametimiza mwaka mmoja, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, chini ya chembe cha moyo, ishike kwa mkono wa pili na uvute ndani na juu, mara tano. Rudia mgongoni, rudia tumboni, hadi kitoke. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka haminywi tumbo kamwe: yeye analazwa chali juu ya mkono wako, kichwa chini, na kubonyezwa katikati ya kifua mara tano, kwa kupokezana na mapigo ya mgongoni. Mtu mwingine awe anaita msaada. Akizimia, mlaze chini, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi. Na aliyeminywa tumbo lazima aonwe na daktari hata akionekana mzima.

Yapo tuliyoyarithi ambayo nawaomba watu wayaache: kumpuliza utosini, kumvuta masikio, kumnyanyua mikono juu, kumpa maji. Maji hayapiti palipozibwa. Na kuingiza kidole kooni bila kuona kitu kunakisukuma ndani zaidi.

Kuna jambo moja linalopita bila watu kujua. Mama mmoja wa hapa jirani alikuwa na mtoto aliyepaliwa karanga akiwa anacheka, akakohoa sana, kisha akatulia. Wakadhani imekwisha. Baadaye kikakaa kikohozi kisichosikia dawa, na kifua kikipiga filimbi upande mmoja. Karanga ilikuwa imeingia kwenye pafu. Mara nyingi kitu kinachovutwa huenda pafu la kulia, kwa sababu bomba lake ni pana na limenyooka zaidi, na karanga haionekani kwenye eksirei kama sarafu inavyoonekana. Mtoto alilazwa nusu kaputi na daktari akaitoa kwa kifaa kinachopitishwa kooni. Madaktari wa hospitali ya Bugando, hapahapa Mwanza, walichapisha mwaka 2011 ripoti ya wagonjwa waliotolewa vitu kwa njia hiyo: kwenye umio, yaani njia ya chakula, iliongoza sarafu, na kwenye njia ya hewa iliongoza karanga. Kwa hiyo mtoto akipaliwa kisha akaendelea kukohoa, mwambie daktari waziwazi kwamba alipaliwa, alikuwa anakula nini na lini. Usimwambie tu kwamba ana mafua.

Kwa sasa kazi iliyobaki iko nje ya geti langu. Sherehe za kuzaliwa nimezipatia utaratibu: keki, juisi na matunda yaliyokatwa, bila pipi, bila bisi, na bila puto, kwa kuwa kipande cha puto lililopasuka kinaganda kooni vibaya kuliko chakula. Lakini watoto wengi wanaletwa na bajaji, na ndani ya bajaji wanakula. Nimezungumza na madereva wawili wanaowaleta. Wamekubali vitafunwa vikae kwenye mabegi hadi wafike, na Jumamosi watakuja kituoni tufanye mazoezi ya mapigo ya mgongoni kwa kutumia mwanasesere. Wamesema watakuja na wake zao.