Siku moja na lori langu kwenye korongo la Mto Fraser

Saa kumi alfajiri, Abbotsford, magharibi mwa Kanada. Nakagua matairi, breki na taa, nakunywa chai, naondoka na shehena ya unga na maziwa. Nafika Hope na kukuta barabara ya Coquihalla imefungwa kwa theluji. Basi leo napita njia ya zamani, korongoni, hadi Kamloops.

Ndugu zangu nyumbani hudhani dereva wa Kanada kazi yake ni kushika usukani na kuhesabu dola. Mimi nimeteremsha malori mlima Kitonga kule Tanzania, milima naijua. Lakini Kitonga nilikuwa na utingo. Huku napiga magoti peke yangu kwenye theluji, nafunga minyororo ya matairi mpaka vidole vinakufa ganzi.

Napita kijiji cha Yale, kisha mahandaki saba. Hapo Hell's Gate mto mzima unabanwa kwenye upana wa mita 35. Mwaka 1914 miamba iliporomoka humo kwa sababu ya ujenzi wa reli, samaki waitwao samoni wakashindwa kupanda mto kwenda kuzaa. Wanlaka'pamux, wenyeji wa korongo hili ambao samoni ndio chakula chao tangu mababu, waliumia vibaya.

Saa moja na nusu asubuhi, mbele ya kijiji cha Boston Bar, foleni. Mawe yameanguka barabarani. Saa mbili. Saa tatu. Dada aliyeshika kibao cha kusimamisha magari ananijibu "bado" kila nikishuka kuuliza. Watu wa ghala la Kamloops wananipigia simu: umefika wapi? Nawaambia. Wanapiga tena. Miadi yangu ni saa nne, na trekta la kuondoa mawe ndiyo kwanza linafika.

Mzee wa kwenye pikapu mbele yangu ni mtu wa Lytton. Nyumba yake iliungua tarehe 30 Juni 2021, siku moja baada ya joto la hapo kufika nyuzi 49.6, rekodi ya Kanada nzima. Karibu mji wote uliteketea. Ananigawia kahawa yake, hatuongei sana.

Kamloops nimefika mchana, nimechoka hata saa sikutazama. Mpokeaji wa mzigo anasema nimechelewa, nirudi kesho. Nikamwonyesha picha za mawe. Akakataa. Nikabaki pale mlangoni na karatasi zangu mkononi, kwa adabu, mpaka bosi wake akatoka. Jua limezama ndipo wakaanza kushusha.

Saa zangu 14 za kazi kwa siku, ndio mwisho wa sheria, zinakaribia kwisha. Nalala humu humu ndani ya lori, minyororo nimeitundika ikauke.