Kutoka bungeni hadi kaunti

Wikendi hii yote nimekuwa nikisoma habari za Gloria Molina, mwanasiasa wa Los Angeles, Marekani. Nilitaka tu kuelewa kwa nini wabunge wa jimbo la California hukimbilia kaunti. Kwetu Kenya ni kinyume: MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, ndiye anayeota kwenda bungeni Nairobi.

Kumbe Kaunti ya Los Angeles ina watu karibu milioni 10, na baraza linaloiendesha lina watu 5 tu. Gavana wa kaunti hakuna. Hospitali, jela, ustawi wa watoto, vyote viko mikononi mwao. Hilda Solis, aliyekuwa waziri wa kazi wa Obama, ndiye aliyekirithi kiti cha Molina 2014. Waziri mzima!

Molina alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto 10. Mwaka 1982 wanaume walioshika siasa za mashariki mwa Los Angeles walishampanga mtu wao, Richard Polanco. Mama huyu hakungoja zamu. Akambwaga, akawa Mlatino (mtu mwenye asili ya Amerika ya Kilatini) wa kwanza mwanamke katika bunge la jimbo. Akaingia baraza la jiji 1987, kisha kaunti 1991, baada ya mahakama kuamua kwamba mipaka ya maeneo ya uchaguzi ilichorwa kuwabana Walatino.

Lakini kilichoninyima usingizi ni ile hospitali ya kaunti. Kina mama waliotoka Meksiko walifungwa kizazi pale, wengine wakitiwa fomu za ridhaa mkononi huku uchungu wa kujifungua umewashika, fomu za Kiingereza wasichokijua. Kumi wakashtaki 1975. Molina, wakati huo kiongozi wa chama cha wanawake cha Comisión Femenil, alisimama nao. 1978 jaji akawapa ushindi madaktari.

Miaka 13 baadaye anaingia barazani, na hospitali ileile iko chini yake. Sishangai kwamba alijulikana kwa kuwabana maofisa kwa maswali vikaoni hadi wakamwogopa. Wapo waliomwona mkali kupita kiasi. Mimi naona alikuwa na sababu. Baraza liliomba radhi kwa kina mama hao 2018, yeye akiwa ameshaondoka.

Alijaribu kurudi baraza la jiji 2015, akashindwa na José Huizar. Huyo Huizar alikiri makosa ya ufisadi Januari 2023, Molina akiwa bado hai. Molina alifariki Mei mwaka huohuo.