Simu sasa inalala sebuleni

Jamani mi nilikuwa naamka alfajiri, hata uso sijanawa, naingia mtandaoni kuangalia picha ya jana imepata laiki ngapi, nikikuta 12 tu basi siku nzima nimenuna na watoto wanaona kabisa mama hayuko sawa, inauma sana kulikumbuka hilo. Mdogo wangu ndo akanionyesha kumbe Instagram tangu 2021 unaweza kuficha idadi ya laiki, zako na za wengine, nikaficha zote. Statasi za WhatsApp za watu wa magari na safari nimezimyuti, sio wivu, moyo wangu naujua.

Simu usiku naichaji sebuleni. Wiki ya kwanza mkono ulikuwa unapapasa chini ya mto wenyewe. Sasa hivi nasikia adhana, nabandika chai, kitinda mimba ananisimulia ndoto zake mpaka maji yanakaukia jikoni.