Nilivyovuka asilimia 50 kwa ubao wa ajua

Watu watatu wanaonishinda kwa mambo ya kompyuta walinishauri kwamba nikitaka kipimo cha Bell ninachokiiga kwa kompyuta, yaani kutambua fotoni mbili (chembe za mwanga) zimefungamana kwa namna ipi kati ya nne, kifanikiwe zaidi ya asilimia 50, ninunue kipakatalishi chenye nguvu na niongeze vihisi bora katika programu. Ushauri huo ulinilia bando za miezi miwili bure. Vipimo hivi ndivyo vinavyoshona fotoni pamoja katika kompyuta ya kwanta (inayokokotoa kwa kanuni za chembe ndogo sana) inayotumia mwanga, na wanafizikia Calsamiglia na Lütkenhaus walithibitisha mwaka 2001 kwamba vioo vya kugawanya mwanga vikiachwa peke yake, hata vihisi visipokosea kamwe, mafanikio hayazidi nusu.

Nikageukia njia ya mwanafizikia Grice ya mwaka 2011, ambapo fotoni mbili nyingine zilizofungamana huingizwa kama wasaidizi na mafanikio hufika asilimia 75. Niliiandika usiku mmoja chumbani mwangu Nyalenda, Kisumu, na jibu likapita 75. Nililala nikiamini kwamba nimempiku Grice. Asubuhi nikajumlisha uwezekano wote, nikakuta umezidi 1, jambo lisilowezekana.

Ndipo nilipoazima ubao wa ajua, mchezo wa aina ya bao, kwa mzee jirani. Safu moja ina matundu 8, na mtambo wangu una njia 4 ambazo kila moja hupitisha fotoni ambayo mtetemo wake umelala au umesimama, kwa hiyo matundu yalitosha barabara. Kete 4, moja kwa kila fotoni, hukaa humo kwa namna 330. Nilizipanga na kuandika daftarini, huku mzee akiniuliza kila jioni, "Kijana, mbona unacheza peke yako na bado unashindwa?" Nilipofika penye kete mbili katika tundu moja, nikazibadilisha nafasi, na ubao ukabaki vilevile. Programu yangu ilikuwa ikihesabu mpangilio huo mara mbili, kana kwamba fotoni zina majina! Nikagawanya kwa faktoria ya kete za kila tundu (kete mbili ni 2×1, tatu ni 3×2×1); jumla ikawa 1, mafanikio 75.

Anayenifuata asipuuze upotevu. Ikiwa kila fotoni hufika mara 80 kwa 100, na zote lazima zifike, wasaidizi hukushusha hadi takriban asilimia 31, ilhali bila wao, kwa fotoni mbili tu, ungepata 32.

Ubao nimeurudisha, ila kete moja bado naitafuta chini ya kitanda, na mzee ameshazihesabu.